Je, Anayejua Pa Kutazama Anajua?

Kwa miaka mingi, mtu aliyefungua programu ya Vim bila kutaja faili alikaribishwa na maneno machache katikati ya skrini: jina la programu, toleo lake, jina la mtunzi, na mara nyingi ombi fupi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Aliyeitikia ombi hilo na kuandika `:help uganda` aliona skrini ikigawanyika. Kazi yake ilibaki chini, na juu likafunguka dirisha lenye habari za Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda na karibu na mpaka wa Tanzania, ambako UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi mno bila wazazi.

Aliyeandika habari hizo ni Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, akafanya kazi ya maji na usafi wa mazingira kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto. Programu yake hakuiuza. Alimwomba tu kila aliyeona inamfaa awachangie watoto wale. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, lakini kurasa za msaada alizoandika zimo bado ndani ya Vim, na wanaozifungua ni watu ambao hakuwahi kuwaona wala kusikia majina yao.

Vim ni programu ya kuhariri maandishi yasiyo na mapambo: misimbo, orodha, takwimu. Amri zake ni nyingi kiasi kwamba hakuna anayezikariri zote, na kwa sababu hiyo kitabu chake kizima kimewekwa ndani yake. Emacs, programu nyingine ya aina hiyo, nayo imebeba maelezo yake yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, na kufikia toleo lake la 1.0.0 tarehe 29 Februari 2000. Anayefanya kazi na programu hizi hupita kwenye dirisha la msaada mara kwa mara: anaingia, anasoma, anatoka. Hapo linazuka swali ambalo ni la kale kuliko kompyuta. Mtu ambaye hana jibu kichwani, lakini anajua pa kulipata na hulipata kila anapolihitaji, je, anajua?

Ifakara, swali hili si la kupitishia muda. Mji huu wa bonde la Kilombero, nchini Tanzania, unafahamika kwa mpunga, na katika dunia ya tiba unafahamika kwa utafiti wa malaria. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy, wa Taasisi ya Tropiki ya Basel, alianzisha hapa maabara ndogo, katika mji ambao Wamisionari Wakapuchini walikuwa wameshajikita. Maabara ile ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1996 taasisi hiyo ilianza kufuatilia kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba na kurudi kila baada ya miezi minne, wakiuliza maswali yaleyale: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama. Kila mtu alipewa namba yake ya kudumu.

Majibu ya milangoni yaligeuka tarakimu za rejista, na tarakimu zikaleta matokeo. Mradi wa vyandarua uliofanyika bondeni miaka hiyo, ambao bidhaa zake ziliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, ulipimwa kwa rejista hizo. Ilionekana kwamba chandarua chenye dawa kiliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kuishi kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4. Wizara, wafadhili na watafiti wa nchi nyingine waliisoma hesabu hiyo. Iliwezekana kwa sababu kuna watu waliojua kila safu ya rejista ilimaanisha nini.

Kujua huko si jambo dogo. Katika bonde hili, msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi hufunga nyumba kijijini na kuhamia kwenye vibanda vya mashambani, wakati mwingine mbali sana, na hukaa huko miezi kadhaa wakilinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Mdadisi akikuta mlango umefungwa, aandike nini? Je, kaya hiyo imehama au ipo? Jibu lolote atakaloandika litakuwa tarakimu moja, na tarakimu haijielezi. Mchambuzi atakayeifungua miaka kumi baadaye akidhani inamaanisha kitu kingine hatakosea kwa uvivu. Atakosea kwa sababu aliyejua hakuweka maelezo mahali pa kuonekana.

Sasa tumchukue mchambuzi huyo, kijana aliyemaliza chuo, amekaa mbele ya kompyuta mjini Ifakara. Ana safu ya umri wa watoto na anataka wastani. Anaiamuru R itafute wastani, nayo inamrudishia herufi mbili tu: NA. Hana bando, na hata angekuwa nalo, mtandao unasumbua. Anaandika alama ya kuuliza, kisha jina la amri: `?mean`. Linafunguka dirisha, na humo anasoma kwamba amri hiyo ina kipengele kiitwacho `na.rm`, ambacho kikiwashwa, thamani zilizokosekana, yaani NA, huondolewa kabla ya hesabu kufanyika. Chini ya ukurasa kuna mifano anayoweza kuiendesha palepale. Anarudi kwenye kazi yake, anawasha kipengele, anapata wastani.

Lakini safu ileile ina watoto wenye umri wa 99. Ukurasa wa `mean` hausemi lolote kuhusu 99. Huenda mtu fulani, siku fulani, aliamua kwamba 99 iwe alama ya umri usiojulikana. Kama kijana hajui hivyo, wastani wake utakuwa wa uongo, na kompyuta haitalalamika.

Wapo watakaosema kwamba kijana huyu hajui takwimu, anajua kufungua madirisha tu. Hoja yao ina heshima ya kale. Inasimuliwa kwamba Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111, alipokuwa kijana alikuwa akirudi Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, msafara wao ukavamiwa na wanyang'anyi. Walichukua kila kitu, pamoja na mfuko wa daftari zake. Ghazali alimfuata mkuu wao, akamsihi amrudishie daftari tu, kwa kuwa ndimo ilimokuwa elimu yake. Yule bwana akamcheka. Vipi mtu adai kuwa na elimu, na ikichukuliwa daftari anabaki mtupu? Akamrudishia. Ghazali aliyapokea maneno hayo kama onyo kutoka kwa Mwenyezi Mungu, akakaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokuwa amekiandika.

Katika nchi ambayo watoto huanza kuhifadhi Kurani chuoni kabla hawajajua hesabu za kugawanya, kisa hiki kinaeleweka bila mfafanuzi. Kilichohifadhiwa moyoni hakinyang'anywi. Umeme ukikatika, kipo.

Upande wa pili wamesimama wanafalsafa wawili wa zama hizi, Andy Clark na David Chalmers. Katika makala waliyoitoa mwaka 1998 walimbuni mtu aitwaye Otto, mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambaye huandika kila kitu katika daftari asilotengana nalo. Mwanamke aitwaye Inga akitaka kwenda kwenye jumba la makumbusho la New York hukumbuka mtaa lilipo, akaenda. Otto hufungua daftari, akasoma mtaa, akaenda. Tukikubali kwamba Inga alijua kabla ya kukumbuka, waliuliza, kwa nini tumnyime Otto haki hiyo kabla ya kusoma? Kwao daftari ni sehemu ya akili ya Otto, mradi liwe karibu, awe amelizoea, na awe analiamini.

Ghazali na Otto wanabishania mahali elimu inapokaa, kichwani au kwenye karatasi. Dirisha la msaada linaongeza jambo ambalo kisa cha kwanza wala cha pili hakikuligusa: mwendo. Ukurasa wa kwanza wa msaada wa Vim hauanzi kwa kusifu programu. Unaanza kwa kumweleza msomaji jinsi ya kusogea, jinsi ya kulifunga dirisha, jinsi ya kutoka kabisa, na baada ya hapo ndipo unamwonyesha jinsi ya kuingia ndani zaidi. Maneno yaliyofungwa kati ya vijiti viwili vya wima ni viungo. Kielekezi kikiwa juu ya neno kama hilo, Ctrl na mabano ya mraba ya kufungia vinampeleka msomaji kwenye maelezo yake. Huko atakuta viungo vingine, na vingine tena. Ctrl na T vinamrudisha hatua moja, kisha nyingine, kwa njia ileile aliyoendea. Kurasa zenyewe hazikubali kuandikwa juu yake, kwa hiyo mgeni hawezi kuziharibu kwa bahati mbaya. Muda wote huo kazi yake imebaki chini ya dirisha, ikimsubiri.

Wengi wanaoanza hupotea humo. Wameweza kuingia, wakasoma ukurasa wa tatu na wa nne, wakasahau walichokuja kukitafuta. Anayejua ni yule anayeuliza kwa jina sahihi, anayelitambua jibu anapoliona, na anayerudi kwenye mstari uleule aliouacha akiwa na kitu mkononi. Mambo hayo matatu hayapo kwenye ukurasa wowote wa msaada. Yamo ndani ya mtu, na hakuna mnyang'anyi wa kuyachukua. Onyo la yule mnyang'anyi wa Ghazali linampata mtu aliyeandika asichokielewa. Halimpati anayejua njia.

Hapo anaingia Plato. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Socrates anawekewa mtego: mtu atakitafutaje kitu asichokijua? Akikijua, hana haja ya kukitafuta, na asipokijua, hata akikutana nacho hatakitambua. Kila anayetumia dirisha la msaada amewahi kuukanyaga mtego huo. Ili kufungua ukurasa sahihi, anatakiwa kujua jina la kitu ambacho bado hakijui. Watunzi wa programu hizi waliliona tatizo wakalijengea daraja. Katika Vim, kipande cha jina pamoja na Ctrl na D huleta orodha ya mada zote zinazofanana nacho, na `:helpgrep` hupekua kurasa zote kutafuta neno lolote. R ina alama mbili za kuuliza kwa kazi hiyohiyo. Emacs ilikwenda mbali zaidi. Mtu akibonyeza Ctrl na h, kisha k, kisha kitufe chochote kile, programu inamweleza kitufe hicho kinafanya nini. Hahitaji jina lolote. Anagusa kitu, kitu kinajieleza.

Nyuma ya kila daraja la namna hii yupo mtu aliyekaa akafikiria ujinga wa mwenzake bila kumdharau. Huu ni uzito wa kimaadili ambao mara nyingi hauonekani. Aliyeandika amri tayari anaielewa, na ukurasa wa maelezo haumwongezei yeye chochote. Anauandika kwa ajili ya mgeni ambaye hatakutana naye, tena mgeni aliyekwama na aliyechoka. Dini zote mbili kubwa za Ifakara zinalijua jambo hili. Waislamu wamefundishwa kwamba mtu akifa matendo yake hukatika isipokuwa matatu, na mojawapo ni elimu inayoendelea kuwanufaisha watu. Wakristo wanasoma katika Injili ya Mathayo habari za mtumishi aliyeizika talanta yake ardhini, akahukumiwa kwa kuificha ingawa hakuipoteza. Kwa mafundisho yote mawili, anayejua maana ya 99 na kukaa nayo kimya ana deni.

Msomaji naye ana swali lake. Otto aliliandika daftari lake mwenyewe, lakini ukurasa wa msaada umeandikwa na mtu mwingine, na kuuamini ni kumwamini mtu huyo. Wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya jambo hili: kabla ya maneno, hutajwa nani kayapokea kwa nani. Kurasa za Vim, kwa kiwango chao, zina adabu ya jamaa na hiyo. Mstari wa juu hutaja toleo la programu na tarehe ya badiliko la mwisho, na kitabu kinamtaja mwandishi wake. Msomaji anajua maelezo haya ni ya toleo hili alilonalo. Jibu lililookotwa mbali laweza kuwa sahihi kwa toleo la miaka kumi iliyopita na likamharibia kazi leo.

Kuna alama nyingine ya uaminifu iliyo nzito zaidi. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, kilichotoka tarehe 3 Novemba 1971 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, kilikuwa na sehemu ya kasoro katika kurasa zake. Watunzi walitangaza wenyewe, ndani ya kitabu chao, mahali ambapo programu zao zilikuwa na hitilafu. Vim ina utamaduni huohuo, na `:help todo` hufungua orodha ndefu ya kasoro zinazojulikana na mambo yanayosubiri kutengenezwa. Anayetoa ushahidi dhidi ya kazi yake mwenyewe anastahili kuaminiwa katika mengine. Rejista ya kaya ingefaidika na sehemu ya namna hiyo: msimu gani wadadisi walishindwa kuvuka kwa sababu ya mafuriko, swali gani lilibadilishwa katikati ya mwaka, kijiji gani majibu yake yana shaka.

Kwa hiyo kijana wetu anajua nini? Kuhusu wastani, anajua. Aliuliza kwa jina, akalitambua jibu, akarudi kazini, na kesho hatahitaji kuuliza tena. Kuhusu 99 hajui, na ujinga huo si wake peke yake. Elimu ya wastani iliandikwa na watu wa mbali ikamfikia mezani kwake. Elimu ya 99 ilipatikana bondeni, milangoni pa watu wa bonde, na haikuwekwa mahali pake. R imelizuia tatizo hili kwa sheria: kifurushi kinachopelekwa katika hazina yake kuu hukaguliwa kama kila amri inayotolewa kwa watumiaji ina ukurasa wa maelezo. Takwimu hazina mlinzi wa aina hiyo mlangoni, isipokuwa dhamiri ya wanaozikusanya.

Na vifaa vipo. Vim haikufunga kitabu chake. Mtu yeyote anaweza kuunda folda iitwayo `doc` ndani ya folda yake ya `.vim`, akaweka humo faili la maandishi ya kawaida, akayazungushia nyota majina ya mada, kisha akaendesha amri `:helptags` na kutaja folda hiyo. Kuanzia hapo ukurasa wake unafunguka kwa amri ileile inayofungua kurasa za Moolenaar, kwa viungo vilevile na njia ileile ya kurudi. Lugha nayo imefikiriwa. Kurasa za msingi ni za Kiingereza, lakini programu inapokea faili la lugha yoyote yenye kifupi cha herufi mbili. Faili liitwalo `kaya.swx` litatambuliwa kuwa la Kiswahili, na `:help kaya@sw` italifungua.

Faili kama hilo halihitaji mradi, bajeti wala kibali cha mfadhili. Linahitaji mtu mmoja anayekumbuka. Wapo Ifakara watu waliobeba madaftari ya karatasi kabla ya vishikwambi, wanaojua kwa nini namba fulani ilianza kutumika na kwa nini nyingine iliachwa. Baadhi yao wanakaribia kustaafu. Kazi ya kwanza kwao inafahamika: kaya iliyofunga nyumba ikaenda shambani kulinda mpunga ilihesabiwa vipi, tangu mwaka gani, na aliyeamua hivyo alikuwa na sababu gani.